Pacha wa Fidla Moja

Nilikwenda Tabora kununua jipsamu. Ninajenga nyumba ndogo Nzega, ninakofundisha, na fundi wangu alinishauri nikachague mwenyewe mikanda ya dari kuliko kuletewa iliyovunjika njiani. Nikaelekezwa duka moja upande wa reli. Nilipokanyaga kizingiti nilisimama. Sakafu ilikuwa ileile ya saruji nyekundu, imechakaa katikati, na juu zilikuwepo zilezile kenchi za mninga, nyeusi kwa umri. Nikapiga kofi moja kubwa, nikasikiliza sauti ikipanda na kurudi.

"Dada, kuna nini, popo?" akauliza kijana wa duka.

"Hapana, baba. Hapa palikuwa na ukumbi."

"Wa harusi?"

"Wa okestra."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mteja ambaye hajapumzika vizuri, kisha akaendelea kunionyesha mikanda. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa tu. Sikuwa namsikia.

Rafiki yangu, kama hujawahi kuona okestra, usione haya. Hata sisi tulikuwa hatujaiona tulipojiunga nayo. Ni kundi la watu wengi wenye vyombo vya muziki, vingi vyake vya nyuzi. Kuna fidla ndogo zinazolazwa begani, kuna kubwa kidogo, kuna za kukaa nazo katikati ya magoti, na kuna besi, ambayo kwetu ilikuwa ndefu kuliko mtoto aliyeipiga. Kila mmoja ana sehemu yake ya wimbo. Sehemu hiyo peke yake haina maana sana. Ukiipiga nyumbani jirani atadhani unakata bati. Lakini ukikaa na wenzako, ukamsikiliza wa kushoto na wa kulia, kile kipande chako kinapata nyumba. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba kupiga ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni masikio. Sasa nami ni mwalimu, na sijapata maneno bora ya kuwaeleza watoto maana ya kuishi na watu.

Mwalimu alikuwa amesoma seminari, akaacha kabla ya kuwa padri. Mji ulisema mengi kuhusu kuacha kwake. Yeye hakusema kitu. Alitoka huko na fidla moja na tabia ya kuamka alfajiri. Baadaye marafiki wa parokia walioko mbali walileta makasha ya vyombo vilivyochoka, vingine vimepasuka tumbo, vingine havina hata uzi mmoja. Akakaa navyo kiangazi kizima, na gundi yake na kisu, akivirudisha kimoja kimoja. Kisha akaanza kutafuta watoto. Hakwenda kwenye shule nzuri. Alikwenda stesheni, wanakoshinda watoto wa vibarua. Alikwenda sokoni, walikokuwa wakibeba mizigo wale waliotakiwa kuwa darasani. Hakukuuliza kama unajua kuimba. Alikuuliza kama umekula. Kwa hiyo kabla ya mazoezi palikuwa na uji wa ulezi uliotiwa karanga, na wakati wa kiangazi palikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, vigumu kama jiwe mwanzoni, halafu vinalainika mdomoni na utamu wake haukuachi mpaka jioni.

Mimi nililelewa na bibi. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikwenda machimboni akatuma salamu mara chache, kisha kimya. Hakuna aliyekwenda kumtafuta. Bibi alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo wazee wao walifika na misafara wakaona maji na watu, wakabaki. Kazi yake ilikuwa kuchuja asali na kuyeyusha nta. Nyumba yetu ilinukia nta mwaka mzima, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka dirishani kama wapangaji. Nilipomwambia habari za fidla aliendelea kuchuja asali yake. Kesho yake alijifunga kanga zake, akaja mwenyewe ukumbini, akakaa kwenye ngazi ya mlango akisikiliza tulivyokuwa tukikwaruza.

"Mwalimu," alisema mwishoni, "humu wanasali?"

"Hapana, mama. Wanapiga tu."

"Basi Ijumaa mchana ni yangu, siku nyingine chukua." Akanitazama mimi na kile chombo. "Zeze la kwetu lina mtu mzima mmoja na halisumbui mtu. Hili lenu lina watoto wawili na bado linalia kama mbuzi."

Ni kweli lilikuwa na watoto wawili. Vyombo vilikuwa vichache na sisi tulikuwa wengi, kwa hiyo Mwalimu alitupanga wawili wawili kwa kila chombo. Aliyeshika chombo na ambaye hakushika walikaa viti vilivyogusana. Mmoja anapiga, mwenzake anafuata kwa macho kwenye karatasi, anamfungulia ukurasa, anamnong'oneza akikosea. Wimbo unaofuata wanabadilishana. Tuliitwa pacha. Hukuchagua pacha wako. Mwalimu alichagua, na kwa makusudi kabisa aliwaoanisha watoto ambao mitaani wasingesalimiana.

Na palikuwa na sheria moja. Kabla ya kuanza, Mwalimu alipita akimuuliza kila mmoja, "Pacha wako?" Ukajibu, "Yupo." Kama hayupo, chombo kililazwa juu ya kiti chake, na wewe hukupiga siku hiyo. Ukumbi mzima ulinyamaza, ukakutazama ukivaa ndala zako na kwenda kumfuata. Ukimkuta mgonjwa, unarudi kusema. Ukimkuta anachota maji, unamsaidia kuchota mnakuja wote. Ukimkuta amefungiwa ndani kwa kipigo, unarudi mbio, na Mwalimu anavaa koti.

Tuliilalamikia sana sheria hiyo. Siku moja mvulana wa besi aliuliza kwa nini apoteze mazoezi kwa sababu ya uvivu wa mwenzake. Mwalimu alituambia tutoke nje. Nyuma ya ukumbi hupita njia ya zamani, ile ya misafara, inayokwenda Kwihara na kuendelea mpaka Ujiji. Alitueleza jinsi wapagazi walivyobeba pembe na vitambaa, na jinsi wengine walivyopelekwa wamefungwa shingo. Alituambia kwamba aliyeugua au kuchoka aliachwa pembeni, na msafara ukaendelea kwa sababu msafara hausubiri.

"Kwenye njia hii watu wameachwa vya kutosha," alisema. "Turudini ndani."

Hakuna aliyeuliza tena.

Pacha wangu alitoka Ulyankulu, kwenye yale makazi ya familia zilizokimbia Burundi zamani, kabla yeye hajazaliwa. Aliletwa mjini kusoma, akawa anakaa kwa shangazi yake, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa msichana mrefu, mpole, na alivaa rozari ndani ya shati la shule. Vidole vyake virefu, vyangu vifupi. Wanaoanza hufungiwa uzi kwenye shingo ya fidla kuonyesha mahali pa kukanyaga, na sisi tulibishana kuhusu uzi ule kama wake wenza; yeye akiuvuta juu, mimi nikiushusha. Mwishowe fundi cherehani wa jirani alitupa nyuzi mbili za rangi mbalimbali. Yeye alishika haraka kuliko mimi. Nilikuwa nikipiga kwa nguvu. Yeye alipiga kama mtu anayemwamsha mtoto kwa taratibu. Baada ya mazoezi alikuja kwetu, tukala ugali na msansa wa bibi, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na bibi alimpakulia kwanza yeye.

"Huyu ni mgeni," alisema.

"Bibi, amekuja jana na juzi pia."

"Basi ni mgeni mwenye mazoea. Kula, mama."

Mwaka ule tulikuwa darasa la sita. Baada ya Pasaka tulitarajiwa kupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, si kwenye misa wala harusini, bali sisi wenyewe, na wazazi wakiwa wamekaa kutusikiliza. Mwalimu alikuwa amempa pacha wangu kipande kifupi cha kupiga peke yake katikati ya wimbo, na wengine tukimbebea chini. Hakuwahi kumpa mtoto yeyote kitu kama hicho.

Siku moja mvua zikianza kupungua, Mwalimu alipita na swali lake. "Pacha wako?" Nikatazama kiti. Nikalaza fidla pale, nikavaa ndala.

Nilimkuta shangazi yake akipepeta mchele uani. Hakuinua uso. "Baba yake amemchukua. Mama yake mgongo umemlaza, na tumbaku imeiva. Nani atafunga majani?"

"Atarudi lini?"

"Tumbaku ikiisha." Akapeta tena. "Kama atarudi. Mtoto wa kike akishazoea kazi ya nyumbani, mwanangu, shule inakuwa mbali."

Kwa ambaye hajaishi na tumbaku, naomba nieleze. Jani likiiva halingoji. Linavunwa, linafungwa kwenye fito, linatundikwa ndani ya bani, yaani nyumba ndefu ya tofali ya kukaushia, na moto unachochewa mchana kutwa. Likichelewa linaoza na jasho la mwaka linaoza nalo. Kazi ya kufunga majani ni ya vidole vyepesi, na vidole vyepesi ni vya watoto. Kila msimu viti kadhaa vya ukumbini vilikuwa vitupu, na si vyote vilivyojaa tena.

Nikarudi kusema. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Ulyankulu si mwendo wa ndala. Nami nilijua kinachokuja kama hatarudi: hatafanya mtihani, hatapanda darasa, na katika miaka michache ataolewa bani la jirani. Mwalimu naye alijua. Jioni alikuja nyumbani kumwomba bibi ruhusa ya kwenda nami.

"Wewe na mtoto?" bibi akasema. "Mwanamume uliyeshindwa upadri, utamwambia nini baba wa watu? Utamwimbia? Nakwenda mimi."

Tulipanda sote watatu lori lililokuwa linapeleka magunia. Bibi aliketi mbele na dereva, akimfundisha namna ya kukwepa mashimo. Alikuwa amebeba dumu la asali, kwa sababu kwa watu, alisema, hatuendi mikono inaning'inia. Fidla aliifunga yeye mwenyewe ndani ya doti mpya ya kanga isiingie vumbi. Mwalimu alivaa koti lake jeusi, lile la kuendea mazishi na harusi za watu. Mimi nilivalishwa gauni la Idi. Misitu ya miombo ilipita pande zote mbili, mizinga ya magome ikining'inia juu, na hewa ilikuwa ya majani mabichi na moshi.

Tulishuka alasiri. Baba wa pacha wangu alikuwa akichochea moto wa bani. Mtu mkavu, mrefu, mwenye shati lililoungua mikono. Alipotuona aliacha kuni. Alimtazama bibi kizee na kanga zake za Idi, akalitazama koti jeusi, dumu la asali, na kile kifurushi kirefu kilichofungwa doti mpya. Uso wake ulibadilika. Akanawa mikono, akatuletea mabenchi, akamwita ndugu yake mkubwa na wazee wawili wa jirani. Wanawake waliokuwa wakifunga majani kibandani waliacha kazi, wakasogea. Pacha wangu alikuwa kati yao. Alinitazama mara moja, akainamisha macho.

Tukasalimiana. Shikamoo zikatolewa na marahaba zikarudi. Maji yakaletwa. Hakuna aliyesema neno la maana, na mimi nilishangaa kwa nini watu wote wamekuwa wazito hivi. Ndipo ndugu mkubwa akakohoa.

"Tumewapokea. Lakini kwetu mambo haya huwa yanatanguliwa na mjumbe. Mmekuja kama mvua." Akamtazama Mwalimu. "Na kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Kijana gani?" akauliza Mwalimu.

"Au ni wewe mwenyewe, mzee?"

Kulikuwa na mama mmoja pale nyuma, akaguna kwa nguvu. "Na nywele zote hizo nyeupe! Tena kwa dumu moja la asali!"

Vicheko vikakatika, kwa kuwa baba alikuwa amesimama. Mwalimu alikuwa bado anageuka huku na huku kama mtu aliyeshuka stesheni isiyo yake. Lakini bibi alikuwa ameshaelewa. Niliona mdomo wake ukibana. Alimwacha baba aseme.

"Mimi ni mkulima," alisema baba, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Sina kitu. Lakini binti yangu sijamtangaza. Yule ni mtoto! Mtoto wa shule! Nani amewaambia namwoza mtoto wa shule?"

"Hawajasikia wale wa mwisho," bibi akasema kwa upole. "Rudia, baba."

"Ni mtoto wa shule!"

"Haya." Bibi aliweka kikombe chini. "Basi hatuna ugomvi. Sisi hatukuja kuposa. Shule yake iko Tabora na kiti chake kiko wazi. Tumemfuata mtoto wa shule. Umetwambia mwenyewe hapa, mbele ya kaka yako na wazee wako, kwamba ndiye."

Yule mama wa nyuma alianza kucheka, akajizuia. Baba alikaa chini taratibu. Sikumwona mtu aliyeshindwa. Niliona mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito siku nyingi na sasa hana pa kukiweka. Akaonyesha nyumba kwa kidevu.

"Mama yake yumo mle. Hageuki bila kushikwa. Majani yale mnayaona. Nikimtoa huyu nitafanyaje, mama? Niambie wewe uliyeishi."

Bibi hakujifanya kuwa na jibu. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema tu, "Najua, baba. Najua," na wote wakatazama moto.

Ni baba mwenyewe aliyeuliza, "Na ndani ya kanga mna nini?"

Mwalimu akafungua. Ile fidla ilipotokea wazee walisogeza shingo. Akamwita pacha wangu. Alikuja, akanyoosha mikono, kisha akairudisha nyuma haraka. Ilikuwa myeusi. Utomvu wa tumbaku hushika mikono kama lami. Alikwenda kujisugua kwa majivu na mchanga, akasugua hadi nikasikia maumivu mimi, na aliporudi ilikuwa bado na madoa. Mwalimu akampa hivyohivyo.

Nilikaa karibu yake, kama kawaida yetu. Hatukuwa na karatasi. Alipiga kile kipande chake cha peke yake, kile ambacho hakijawahi kusikika nje ya ukumbi. Mwanzoni vidole vilinata. Alipofika katikati vikaachia. Nimesikia muziki mwingi tangu siku ile, mwingine umepigwa na watu waliosomea, lakini sijasikia tena watu wazima wakinyamaza vile. Kuku walikuwa wakipita. Kuni zilipasuka ndani ya tanuri. Sauti dhaifu ikatoka ndani ya nyumba: "Fungueni mlango vizuri." Mama yake. Mtu akaenda akausukuma mlango hadi mwisho, na pacha wangu akarudia tangu mwanzo.

Alipomaliza, baba alimtazama Mwalimu. "Bani hili nimalizie naye," alisema. "Yanayobaki dada zangu watanisaidia; nitaongea nao. Nitamleta mwenyewe."

Ningetaka kukuambia kwamba tulimwamini. Lakini bibi alikuwa ameishi sana, ahadi tupu hazikumtosha. Mwalimu ndiye aliyefanya jambo ambalo sikulitegemea: aliifunga tena fidla ile, akamkabidhi baba, si binti.

"Chombo hiki ni cha watoto wawili," alimwambia. "Kikikaa huku, huyu mwingine hapigi. Ukimleta mtoto, lete na chombo."

Hivyo nilirudi Tabora mikono mitupu, na siku zote zile nilikaa ukumbini bila kitu cha kushika. Nilisikiliza. Huenda ndipo nilipojifunza ile nusu ya pili ya kazi. Wenzangu walinipita, wakinitazama kwa huruma, na jioni bibi alikuwa akiniuliza, "Wamekuja?" kwa sauti ya mtu asiyejali, huku akikoroga nta iliyokwisha kukorogwa zamani.

Walikuja. Tukiwa katikati ya mazoezi lori la tumbaku lilisimama mlangoni, baba akashuka na mtoto wake na kifurushi kilichofungwa gunia juu ya ile doti ya kanga. Hakuingia. Alikabidhi kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akamwambia Mwalimu, "Hesabu nyuzi zake," kisha akapanda lori. Ile fidla ilinuka tumbaku mwaka mzima. Mtu aliyeikaribia alipiga chafya.

Siku ya onyesho baba aliingia. Alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta, na alipopewa kiti alikataa. Bibi yangu alikuwa mbele na wanawake wenzake wa mtaani, waliokuja na baibui zao kuona ni kelele gani hizi. Kile kipande cha peke yake kilipofika, nilimfungulia pacha wangu ukurasa, nikainua macho. Baba hakuwa akimtazama binti yake usoni. Alikuwa akitazama vidole vyake, vilivyokuwa safi.

Tulikaa pamoja na fidla ile hata tulipoingia sekondari. Alifaulu, mimi pia. Kisha watu wa makazi wakaulizwa kama wanataka kubaki wawe raia au kurudi nchi ya wazee wao. Wengi walibaki. Baba yake, ambaye mkewe alikuwa ameshafariki, alisema anataka kuzikwa alikozaliwa. Pacha wangu alikwenda kwenye nchi ambayo hajawahi kuiona, hata lugha yake akiizungumza kama ya jikoni tu. Alikuja kuniaga kwetu. Bibi alimpakulia kwanza. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama ncha za vidole vyangu, zilizokuwa ngumu kwa nyuzi kama zake, akacheka kidogo, akaenda.

Siku iliyofuata Mwalimu alipita na swali lake. Alipofika kwangu alisita. Mimi nilikwisha laza fidla juu ya kile kiti, nikainama kutafuta viatu, bila kufikiri, kwa mazoea tu, kama mguu unavyojua njia ya kisimani. Viatu nikavishika mkononi. Ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa nimekwama hivyo, nimeinama, sijui niende wapi.

Alikuja akachutama mbele yangu. Alikuwa ameanza kuzeeka siku zile.

"Leo piga," aliniambia.

"Hayupo, Mwalimu."

"Najua. Piga."

Nikapiga. Nilipofika chini ya ukurasa, mkono wa pembeni yangu haukutokea. Nikanyamaza, wengine wakaendelea. Mwalimu alishuka kutoka pale mbele alipokuwa akituongoza, akatembea katikati ya viti huku muziki ukiendelea bila yeye, akanifungulia ukurasa, akarudi.

Sasa Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na bibi pia. Vyombo vilitawanyika, kimoja nilikiona kimetundikwa hotelini kama pambo. Wenzangu wa ukumbini ni mafundi, ni wauguzi, ni wazazi, mmoja anaendesha treni ya mizigo, na nadhani kila mmoja wetu angekuwa mtu mwingine kama asingeulizwa siku ile ya kwanza kama amekula. Siwahurumii watoto wa leo. Wana mengi tusiyokuwa nayo. Nami sililii jengo. Watu wanahitaji dari.

Lakini ninapoita majina asubuhi, katika darasa lililojaa hadi mlangoni, na jina moja lisipoitikiwa, natia alama na kuita linalofuata, kwa kuwa kipindi ni kifupi na wengine wanangoja. Wakati wa mapumziko nauliza anakoishi. Mara nyingine naenda, mara nyingine nawahi kabla hajaacha shule. Kile ambacho sijaweza kukirudisha, hata kwa kuwaeleza watoto kwa subira yangu yote, ni ile dakika kabla ya kuondoka: watu wote wameshika vyombo vyao, wako tayari, na hakuna anayeanza, kwa sababu mmoja hayupo.